Mbu Ndani ya Kaharabu

Kidonge cheupe, mdogo kuliko jino la mtoto,
miaka minne nimekumeza kila alfajiri
kabla ya mkate, kabla ya Zenon kuwasha redio.
Sikukupenda. Nilikutii.
Kansa ya titi ilikula homoni, ukaifungia jiko.
Hapo tulielewana.

Machoni nani alikutuma?

Ilianza na mbu. Mbu wa kwenye kaharabu,
ninayemtambua kwa miguu tu, kwa mishipa ya bawa,
siku hiyo akawa ukungu.
Nikafuta jiwe. Nikafuta miwani.
Nikamgombeza Tymek kwa taa chafu,
na taa ilikuwa safi.

Kisha namba ya tramu: sita au nane?
Nikapanda. Ikanishusha ufukweni, Januari,
theluji juu ya mchanga, Baltiki kijivu kama sufuria,
nami na mkoba wangu wa dukani
tukicheka peke yetu.

Daktari Kosecka akanitia matone,
mboni zikafunguka kama za paka gizani.
Akainama. Akanyamaza.
Ukimya ule naujua, ndio wangu
ninapokuta kitu ndani ya jiwe.
"Kuna chembe zinazong'aa, nyuma kabisa, kwenye retina.
Hutokea kwa wachache."
"Zina rangi gani?"
Hakulitegemea swali. Akachungulia tena.
"Manjano hivi. Kama… sijui. Wewe ndiye fundi."

Sasa watakaa wawili, yeye na daktari wa kansa,
wapime titi kwa jicho, jicho kwa titi.
Kipo kidonge kingine, wanasema,
hicho hukausha macho na kung'ata magoti.
Nichague mwizi wa kumfungulia mlango.

Zenon aliniuliza jioni, "Wamekuambiaje?"
Nikamjibu: "Nina thamani kuliko ulivyodhani."
Hakucheka. Akanimenyea viazi vyote,
hata vile vya kesho.

Usiku nilimtoa mbu kwenye droo
nikamsogeza karibu, karibu zaidi, hadi pua ikagusa jiwe.
Watalii huuliza alikosa nini.
Hakukosa. Mti ulijeruhiwa,
ukatoa utomvu kuziba kidonda chake,
na kidonda kikapona.
Yeye alikuwa anapita tu.

Tymek amenunua taa mpya.
Sijamwambia.