Kadi Isiyo na Siri

Ijumaa, baada ya swala, Mtaa wa Biashara,
Mufaddal aweka kadi mbili juu ya kioo cha kaunta.
Ya kwanza ina feni tatu na taa za rangi,
sanduku lake bado limevaa nailoni.
Ya pili imefungwa kwa gazeti. Feni moja,
na vumbi la saiba fulani ya Ganjoni.

"Chukua hii," asema, akigusa yenye taa.
"Michoro yako ya leso itatiririka kama maji."
Nami nauliza lile lile nililouliza Mwembe Tayari
hadi wakanichoka:
draiva yake iko wazi?

Nishaumwa na nyoka; niacheni nishtuke na ung'ongo.
Mwaka juzi, siku nne kabla ya Idi,
oda ya Bi Zuhura wa Kibokoni, doti sitini,
nikasasisha mfumo, kama mtu anavyofagia nyumba yake.
Nikawasha. Giza.
Si giza la stima kupotea. Hilo lina kelele,
lina majirani wanaolaani kwa pamoja.
Hili lilikuwa kimya, na kistari kimoja kikipepesa pembeni
kama jicho la anayejua na hasemi.

Kampuni ilikuwa imeisahau kadi yangu.
Miaka sita; kwao ni maiti.
Na draiva imefungwa, hakuna fundi
awezaye kuchungulia aone msumari upi umelegea.
Nilinunua nyumba, kumbe ufunguo kabaki nao muuzaji,
na muuzaji kahama mji.
Bi Zuhura alikwenda kwa mwingine. Sikumlaumu.

"Mama," akauliza Shee, miaka tisa,
"dereva wa kompyuta kaenda wapi?"
Nikacheka huku machozi yanilenga.
Nikamwambia kadi ina lugha yake, mfumo una yake,
na katikati lazima akae mkalimani.
"Sasa mkalimani akifa?"
Kama aliandika, na daftari kaliacha mezani,
mwingine atasoma, ataendelea.
Kama kafa nayo moyoni, ndiyo basi.

Basi nampigia Bwanaheri, mtoto wa ami,
namsomea nambari iliyo mgongoni mwa ile ya gazeti.
Namsikia akibofya. Akohoa. Abofya.
"Imo," asema. "Imo ndani ya kiini chenyewe,
huna haja ya kupakua kitu. Na watu bado wairekebisha,
mmoja kaigusa juzi."
Mmoja. Simjui. Pengine kwao kwaanguka theluji,
nami hapa jasho landondoka juu ya kioo cha Mufaddal.

Si kwamba haina ila.
Ni ya polepole; yenye taa ingeiacha njiani ikivua viatu.
Lakini sanduku langu la umeme ni wati mia tatu,
na hii haidai waya wa ziada.
Chumvi imekula meno yake ya shaba.
Mufaddal achukua raba ya mtoto wa shule,
ayasugua taratibu mpaka yang'ae.
"Elfu sita."
"Nne."
"Tano na nusu, na raba nakuachia."
Elfu tano. Raba naichukua vilevile.

Usiku, Tudor, dirisha wazi, naisukuma mpaka inalia *ta*.
Nawasha. Shee kazuia pumzi.
Mistari myeupe yashuka mbio, kisha skrini yafunguka,
pana, rangi zote mahali pake,
bila kuniuliza jina, bila mkataba wa kurasa arubaini.
Feni yakwaruza kidogo. Nitaitia mafuta Jumapili.

Nafungua ile leso ya mwaka juzi,
pindo bado lina korosho, mji una nyota,
pa jina patupu. Naandika kwa herufi kubwa:

MLANGO WANGU NI WANGU, SIPIGI HODI KWA MTU

Shee asoma kwa sauti. Akuna kichwa.
"Na yule wa juzi, aliyeirekebisha,
yeye si mtu?"

Nafuta.
Naanza upya.