Neno Lililokwama

Nilikwenda kambini kwa sababu ya pikipiki.
Bibi alisema wazi, kikombe mkononi:
kipaimara kwanza, fedha baadaye.
Basi Juni ikanikuta ukingoni mwa ziwa Särkijärvi,
huko Ufini, mgongoni mfuko wa kulalia,
vijana ishirini na watatu, mbu wasio na idadi,
na jua lililogoma kwenda kulala.

Simu tulizitia kapuni mwa Mchungaji Hilkka
mojamoja,
kama wafiwa wanaotupia udongo.

Siku ya kwanza kila mtu alikuwa na benchi lake.
Oona alilia chooni. Sote tulisikia,
sote tukatazama viatu.
Ndipo Raili, mpishi, akatuletea visu na ndoo:
"Hapa hali mtu asiyemenya."
Ukimenya viazi hamsini ubavuni mwa mwenzako
utajua kama anavuta kamasi kwa mafua
au kwa kukumbuka kwao.

Jioni, chumba cha mvuke, mawe yakifoka,
kisha mbio, gati, ziwa:
maji baridi kama jibu la daktari.
Tulitoka tukipiga kelele, wekundu,
hakuna tena aliyejua nani mtoto wa nani.

Mchana, masomo. Amri, Sala, Imani ya Mitume.
Mimi niliikariri Imani upesi,
kama namba ya nyumba yetu,
bila kubisha hodi.

Na alikuwepo Aatos.
Shuleni, kigugumizi chake kilikuwa mchezo wetu:
akianza sentensi, tunammalizia,
mimi wa kwanza, darasa hoi kwa kicheko.
Kambini alijibu kwa mabega.

Usiku wa mwisho, kwenye magogo chini ya misonobari,
kura ya kuongoza Imani ikamwangukia yeye.
Mchungaji alimwuliza kwa macho.
Hakukataa. Akasimama.

"Na—"

"Na—"

Kisha hakuna.

Mbu akatua shavuni pangu, akanywa, akashiba.
Sikumpiga.
Hakuna aliyempiga wake.
Nyuma yetu Raili na taulo la vyombo,
mkono umesimama ndani ya sufuria.
Neno nilikuwa nalo mdomoni, zima, limekwisha menywa,
ningeweza kumrushia kama zamani.
Nililishika kwa meno.
Ndege fulani akalia ziwani, akanyamaza,
kama naye ameambiwa.

"Na—sadiki," akasema Aatos,
sauti ya kawaida tu,
ya mtu aliyepandisha gunia ngazini
na sasa analitua.

"Nasadiki," tukaitika ishirini na wawili,
tukasimama papo hapo,
tukimngojea na la pili.

Imani ile ilichukua karibu nusu saa.
Chai ilipoa. Raili hakuipasha.

Asubuhi, kwenye ngazi ya basi, nilimwomba radhi.
Alinishika mkono: "S—s—"
nami nikangoja, dereva akipiga honi,
mpaka "sawa" ikafika na miguu yake yenyewe.

Pikipiki niliipata. Ilikufa Oktoba.
Oona ni mkunga sasa, huniandikia kila Krismasi
kwa mwandiko usiosomeka.
Aatos sijui aliko.

Sisemi kwamba Mungu alishuka pale kwenye magogo.
Imepita miaka sikuingia kanisani ila kwa mazishi,
na hata leo kuna vifungu navivuka
kama mtu anayevuka barafu ya Aprili.
Lakini usharika unaposimama na kuanza,
wote mbio, wote kwa pamoja,
mimi hubaki kwenye silabi ya kwanza,
mdomo nusu wazi,
na shavu huniwasha.
Jirani hunitazama, hudhani nimesahau.

Na—

Magogo yanalia chini ya uzito wetu.
Hakuna aliyeondoka.