Ritifaa

Kwangu inafanya kazi.
Hivyo ndivyo nilivyomjibu Agripina
masika yote, maneno matatu tu,
kisha naifunga kasoro yake kama mtu afungaye dirisha
Njombe, mwezi wa saba.

Kati yetu ukuta wa mbao za paini.
Huku mimi na wenzangu wanne, tunaoandika.
Kule yeye, peke yake, anayejaribu.
Nilimsikia akipiga chafya. Nilimsikia akibonyeza
palepale, mara ishirini, mara thelathini,
kama kuku anayedonoa bati,
nikasema moyoni: huyu kaajiriwa kunitafutia ubaya.

Kasoro ya mia moja na kumi na mbili:
"Jina linakatika."
Nikajibu. Mnajua nilivyojibu.

Safari hiyo hakuandika tena. Alikuja,
koti la mtumba limefika magotini,
akaweka ufunguo wa pikipiki juu ya kibodi yangu.
"Kesho saa kumi na moja alfajiri, Mtwango.
Njoo na hiyo 'kwangu' yako."

Sakitu imelala juu ya majani ya viazi.
Mizani inaning'inia kwenye gogo, chini yake foleni,
vitenge viwili viwili mabegani, pumzi zinafuka.
Karani wetu ana simu yenye ufa,
kidole kimekufa ganzi, kinagusa herufi ya jirani.
Mtandao unapatikana ukipanda kichuguu.

"Jina?"
"Witness Kising'a."
Akaandika. Akapima magunia matatu, yameshonwa vizuri, hakuna lumbesa.
Kioo kikarudisha: Witness Kising.
Magunia: sifuri.

"Huyu Kising ni nani," mama akauliza,
"na viazi vyangu kavipeleka wapi?"
Foleni ikacheka.
Mimi niliujua mstari. Wa mia nne na sita,
niliuandika Ijumaa jioni nikiwahi mpira.
Kijialama kidogo kuliko jicho la kiazi,
nami nimeufundisha mfumo ukione kama kisu.
Kina Ng'ande, kina Ng'umbi, kina Kising'a,
nimewakata wote shingoni
na kompyuta yangu haikutoa hata mguno,
maana mezani kwangu nilijaribu jina moja tu,
langu.

Agripina hakusema "nilikuambia."
Alinunua chai ya tangawizi, vikombe viwili,
akapulizia chake kwa muda mrefu.
"Mnaniletea ugali umeshaiva, mnataka niutafute mchanga.
Niite mkiwa bado mnachekecha unga."

Jumamosi tukaung'oa ukuta.
Mbao nne zikawa benchi, nyingine mlinzi kaota moto.

Sasa anakaa kushoto kwangu. Sijaandika hata neno
ameshauliza: na mtandao ukikatika katikati?
Na wawili wakiwa na jina moja?
Na asiyejua kusoma, ataaminije?
Kuna siku nachoka naye. Jana tumebishana
juu ya kitufe kimoja mpaka chai ikapoa,
na bado naamini nilikuwa sahihi.

Leo asubuhi: kasoro ya mia mbili na tatu.
Vidole vyangu, kwa mazoea, vikaandika "Kwangu"
vikasimama.
Nikafuta herufi moja moja.
Nikavuta kiti.
"Wapi? Hebu nionyeshe."