Mayai Meupe

Darasa la tano, viatu vimelowa,
tunaingia mmoja mmoja chini ya taa nyekundu, hafifu,
maana mayai, anasema Zdenka, hayapendi mwanga.
Maji yanashuka kwa bomba kutoka chemchemi ya mlimani,
nyuzi saba, kiangazi na theluji.
Mwanangu Jernej anatia kidole,
anakitoa upesi, anakifyonza
kana kwamba kimeungua.

Kwenye sinia, mayai elfu nne ya trauti,
rangi ya kaharabu,
na katika kila yai vitone viwili vyeusi:
macho.
Hawajazaliwa na tayari wanatukagua.

"Ukiona jeupe, limekufa. Litoe.
Likikaa, ukungu utawashika jirani."
Kumbe samaki mmoja huanza kuwaozesha wenzake
hata kabla hajawa samaki.

Jernej anauliza, "Kwani mtoni hawapo?
Jana nimewaona, chini ya daraja, tele."

Zdenka anafuta mikono kwenye aproni.
Anafuta tena, ingawa imekauka.
"Wapo. Ila si hawa wenye mistari ya marumaru.
Zamani waliletwa wengine, wa madoa mekundu,
wakazaana na wa hapa
mpaka mto ukasahau sura yake.
Samaki hana kosa. Hakujileta."

Hakusema nani aliwaleta.

Ninamjua. Alikuwa akinibeba mabegani
hadi ukingoni, kila theluji ilipoyeyuka,
kisha anarudi garini kuchukua madebe.
Debe tupu, wanasema, haliachi kuvuma;
ya baba yalijaa pomoni, yalikuja kimya.
Aliyainamisha polepole, kofia mkononi,
kama mtu anayetoa sadaka.
Ningali na debe moja. Natilia viazi.

"Nani atasaidia?" anauliza Zdenka.
Watoto wanatazamana. Mimi nanyoosha mkono,
mtu mzima, nimeona haya.

Ananipa mrija wa kioo.
Navuta moja jeupe. La pili. La tano
linapasuka, maji yanakuwa maziwa kidogo,
Zdenka anasema si neno.
Mgongo unauma. Darasa limeshaondoka
kwenda kula mikate yao kwenye basi.

Jernej amebaki, kidevu juu ya ukingo wa sinia.
"Mama, na lile pale?"
Nasogeza mrija. Ni jeupe, au ni mng'ao wa taa,
siwezi kuapa.

"Ngoja," ananishika kiwiko.
"Limegeuka."