Karani Mstaafu

Sentimita mbili na nusu, alisema daktari Wencel,
kama zabibu, kwenye figo ya kushoto.
"Tunaweza kuuchoma siku ile ile tunapochukua sampuli:
kitanda kimoja, ganzi moja, unarudi nyumbani."

Bogumiła alivua miwani.
Miaka thelathini na minne alipiga chapa hukumu za watu;
hajapata kuona mtu akifungwa kwanza, kesi ikafuata.
"Na kama hana hatia, huyu mgeni wangu?
Utamfufua kutoka majivuni?"

Basi wakachukua sampuli tu.
Siku kumi na sita theluji ya Łódź ikaanguka na kuyeyuka uani,
naye akikoroga chai, akisahau kuinywa,
mkono ukirudi ubavuni kama kwa mtoto aliyelala.

Barua ikaja: sampuli haitoshi.

Alicheka peke yake jikoni hadi birika likalia.
Ushahidi hautoshi! Maneno hayo ameyapiga chapa mara ngapi,
wezi wakitoka mlangoni wakijipangusa mabega.

Akapiga simu.
"Daktari, lete sindano zako zote mbili.
Nitasaini. Ila majibu yakija,
hata yakija nyuma ya moto,
nisomee kwa sauti,
nami nikiwa nimesimama."