Noti Iliyotemwa

Nilishuka na mashine ngazi kumi na nne,
mimi na vijana wawili na kamba,
hadi chumba cha chini cha duka la Zauri, mjini Kutaisi,
ambako Tsiuri amehesabu pesa miaka ishirini na sita
kwenye meza ambayo mguu wake mmoja
umetiwa kipande cha boksi isiyumbe.

Hakunisalimu. Aliinua kidole: ngoja.
Midomo yake ilikuwa katikati ya elfu tatu.

Nikangoja.
Kidole gumba kiligusa sifongo lenye maji, kikapita
noti moja, noti moja, noti moja,
kama mtu anayefunua kurasa za kitabu
alichokihifadhi kwa moyo
na bado anakisoma.

Kando yake, sarafu za tetri ndani ya bakuli la saladi,
mizani ya jibini ya kuzipimia,
daftari lenye jalada la buluu.
Mali bila daftari hupotea bila habari;
lake halijapoteza hata ya kununulia kiberiti.

Nikaeleza nilivyofundishwa kueleza:
keshia anamaliza zamu, analisha mauzo hapa, mdomoni;
mashine inahesabu, inanusa za bandia, inafunga mfuko,
na hujavaa koti, benki imeshaiandika amana.
Gari la deraya litakuja Alhamisi tu, si kila jioni.
Zauri aliitikia kwa kichwa kila nilipomeza mate.

Tsiuri aliuliza neno moja:
"Na mkoba?"

Mkoba gani?

Akauvuta kutoka chini ya meza, wa nailoni, wa kubebea viazi.
Miaka kumi ya mwanzo, kabla ya gari la deraya,
pesa za duka zilivuka daraja la Rioni
chini ya mikate miwili, mkononi mwake,
kwa hatua za mtu asiye na haraka,
moyo ukienda mbio peke yake.
Jioni moja ya Februari alisukumwa.
Mkono uliunga vibaya. Mkoba hakuuachia.
Zauri alimpa kuku wawili na siku tatu za kupumzika.

Zauri akatazama viatu vyake.
Kitabu changu cha maelekezo hakikuwa na ukurasa wa hilo.

Tukaijaribu.
Kitita kikazama kwa mlio wa njiwa waliogutushwa,
noti mia nane kwa dakika,
na skrini ikaandika jumla kwa kijani.
Tsiuri akafungua daftari.
Zililingana, kasoro lari ishirini.

Mashine ilikuwa imetema noti moja.
Nikairudisha. Ikatema. Nikaigeuza. Ikatema.
Akaichukua, macho yako kwangu,
akaipitishia gumba.
"Hii ya Nunu wa kaunta ya samaki," alisema.
"Hutia pesa kwenye aproni. Ina chumvi."
Akaibandika kwenye bomba la kupashia chumba joto,
akavua miwani, akangoja
kama anayengoja mkate uumuke.
Kisha akanipa mimi niilishe.
Ikamezwa.

Nilimwandikia namba yangu ya simu
kwenye jalada la daftari, kwa ruhusa yake.

Wiki ya nne alipiga.
Nikaanza kutafuta bisibisi kabla hajasema.
"Imekwama?"
"Haijakwama. Tangu uilete haijakosea hata tetri moja."
Akanyamaza.
"Saa kumi na mbili niko nyumbani.
Zamani nilikuwa nafika saa tatu, giza limeshaingia.
Sasa nafika, jua bado limo jikoni.
Sijui nilifanyie nini."

Sikuwa na la kusema, nami ni fundi.
Nilibaki na simu sikioni,
na kule kwake, karibu na kinywa cha simu,
nikasikia kitu kikavu kikipita kidoleni,
gazeti labda, au majani aliyoyaanika kwa mchuzi,
moja,
moja,
moja.