Kitenzi cha Mgeni

Eliakunda, mpagazi, karudi Njoro
na daftari lililoloa mvua ya Mweka.
Mgeni Mhispania kamwandikia humo
kitenzi kimoja: *llevar*.

Ni kubeba, alisema. Pia kuvaa.
Pia kumfikisha mtu kwao.
Eliakunda akacheka peke yake:
koti hili la mtumba, la Memorial,
kumbe muda wote nimelibeba tu!

Usiku, Aikaeli akichagua mchele,
akamsomea sentensi ya mwisho.
Kwao, mke wangu, hata miaka hubebwa.
Mimi nimebeba kumi na tisa mlimani.

Aikaeli hakuinua kichwa.
“Na huku chini,
nani kaibeba?”

Chenga, jiwe, chenga.
Akalifunga daftari,
akamshikia ungo.